Aliyeshona Bawa Hupanda Kwanza

Vijana mkikutana nami pale sokoni Nyeri mnaniuliza, "Shosho, ati ni ukweli ulikuwa unashonea ndege nguo?" Halafu mnaangaliana na kuchekea pembeni. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Lakini ndiyo, ni kweli. Nimeshonea ndege nguo tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka macho yalipokataa kuliona tundu la sindano. Na kama mnaweza kukaa kidogo bila kushika simu, nitawaambia kazi hiyo ilikuwaje, na jinsi ilivyomwokoa babu yangu, ambaye sisi tulimwita Guka, asife akiitwa mwongo.

Kwanza mjue kitu kimoja. Ndege mnazoziona leo zikipita juu ni bati tupu. Zile ndogo za zamani, na chache ambazo bado zinaruka, ni mbao ndani na kitambaa nje. Mbao hupangwa kama mbavu za mbuzi, kitambaa cha kitani kikavutwa juu yake na kushonwa kwa mkono, ubavu mmoja baada ya mwingine. Kisha kinapakwa dawa ya kukikaza. Dawa ile ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba anajua nimefika nyumbani kabla mbwa hajabweka. Dawa ikikauka, kitambaa hukaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Ukigonga kikalia kama godoro, basi usijidanganye, fumua uanze upya.

Kushona nilifunzwa na Guka, kwenye baraza lake kule Majengo, karibu na msikiti. Alikuwa fundi wa sare za shule. Alinifunza kupaka uzi nta ya nyuki ili usikatike, kushika sindano bila kuibana sana, na kuacha pindo kubwa chini ya kila sketi kwa sababu mtoto hukua na mzazi hataki kurudi dukani kila muhula. Pindo hilo litaniletea aibu baadaye, mtaona.

Sasa niwaambie habari ya Guka na Kihuruta.

Enzi za ukoloni, Guka akiwa kijana ambaye hajaoa, kulikuwa na mzungu mmoja aliyekuwa akirukaruka na ndege yake huku kwetu. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Watu walimwita Kihuruta, yaani kipepeo, kwa sababu ndege yake ilikuwa ya manjano na ilikuwa na mabawa manne, mawili juu na mawili chini. Hakuwa na kiwanja. Alitua popote ng'ombe walipokubali kusogea. Kila mji ulio chini ya mlima huu una Kihuruta wake. Nenda Kutus, wazee watakuapia kwamba alitua siku ya soko, na mama mmoja muuza ndizi akamfokea asogeze ndege yake kwa kuwa amemzibia wateja. Nanyuki nao wanasema alikuwa na tabia ya kupotea njia, basi anaizima injini akiwa huko huko juu, anashuka polepole kama mwewe na kumuuliza mchungaji kwa sauti, "Nyeri iko wapi?" Mchungaji ananyoosha fimbo, naye anaiwasha injini na kwenda zake.

Kwetu Nyeri alikuja vibaya. Alitua kwenye malisho chini ya mji, kisiki kikampasua bawa la chini. Akapanda kilima kwa miguu mpaka Majengo, miwani yake mikubwa ikiwa kwenye paji la uso, akitafuta fundi. Mafundi wengine walipoiona miwani ile walikumbuka shughuli nyingine. Guka alibaki. Alikuwa na cherehani mpya na kiburi cha ujana, na hakuwa ameelewa kwamba nguo inayotakiwa kushonwa ni ya ndege.

Kitani hakikuwepo, kwa hiyo alitumia marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Dawa ya kukaza pia haikuwepo. Kihuruta alieleza kwa mikono kwamba anataka kitambaa kikaze kabisa, na Guka akakumbuka wanga ule uliotumika kukazia kola za mashati. Wakapika sufuria nzima ya uji wa wanga, wakaupaka bawa zima, wakaliacha juani. Likakaza vizuri. Kisha mbuzi wa jirani wakasikia harufu ya uji, wakaja kulilamba. Guka alisema sehemu ngumu ya kazi ile haikuwa kushona, ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Yule mzungu naye, rubani mzima asiyeogopa mawingu, alikuwa akizunguka ndege na kijiti mkononi akisema "shhh, shhh."

Kazi ilipokwisha Kihuruta alimwambia, "Wewe umeshona. Wewe utapanda kwanza na mimi."

Guka akamwambia, "Ngoja kidogo." Akarudi kwenye bawa, akaufumua mshono wa nyuma wote, akaushona tena.

Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni na watu hawajatoka, wakaruka. Wakashukia Nanyuki. Kihuruta alikuwa akielekea kaskazini, na hakuna aliyemwona tena huku kwetu. Guka akarudi Nyeri kwa miguu, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine na mfukoni mwake mlikuwa na sindano tu. Alifika Majengo akichechemea. Walimuuliza ametoka wapi, akasema Nanyuki. Alikwenda na nini? Na ndege.

Hapo ndipo Salim alipoingia. Salim alikuwa muuza nyama, jirani na rafiki wa Guka tangu utotoni, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Aliinama akaitazama miguu ya Guka, kisha akawauliza waliokuwepo, "Jamani, mtu aliyeruka angani, miguu inavimbaje? Ama ndege iliharibika, ukaisukuma?"

Majengo yote ikacheka, na kicheko hicho hakikuisha. Kilikuwa bado kipo nilipozaliwa. Watoto waliimba nyuma ya Guka. Mteja akiona suruali imechelewa anasema, "Fundi, ilete basi na ndege." Salim kila jioni akitoka kuswali alikaa barazani na kikombe chake cha chai na kuuliza hali ya hewa huko juu ikoje. Guka alicheka nao, na kwa muda mrefu nilidhani haimsumbui.

Kumbe ilimuuma. Nyanya yangu ndiye aliyenieleza. Rafiki mmoja wa Guka aligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Guka alikuwepo siku mpaka ule ulipopandwa miti, kwa hiyo akaitwa mbele ya wazee kutoa ushahidi. Alikuwa katikati ya maneno yake mtu mmoja akauliza, "Huyu si ni yule wa ndege?" Baraza likaangua kicheko, na ushahidi ukaishia hapo. Rafiki yake akakipoteza kipande kile cha shamba. Tangu siku hiyo Guka aliacha kabisa kusimulia habari za Kihuruta. Ukimuuliza anasema, "Tulipanda, tukashuka," na kukanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie swali la pili. Nyanya aliniambia hakuna kitu kingine alichokitaka mzee yule kabla ya kufa ila neno lake lipewe uzito kama neno la mtu mwingine yeyote.

Mimi je, nilimwamini? Nilimpenda, hilo sina shaka. Kumwamini sikuwa nimeamua.

Kazi ya ndege ilinijia kwa njia ya sketi. Siku moja alikuja barazani mzee mmoja mrefu, Mzee Githinji, fundi mkuu wa karakana ya ndege ndogo kule Nanyuki. Mshonaji wake alikuwa ameolewa mbali. Hakutuuliza chochote. Alichukua sketi moja kwenye rundo, akaigeuza ndani nje, akaivutavuta mishono. Akachukua nyingine.

"Hizi ni nani ameshona?"

"Ni mimi," nikasema.

"Guka yako je?"

"Macho yake imechoka. Siku hizi anakata, mimi nashona."

"Basi nitaenda na wewe," akasema, kama mtu anayechagua mbuzi.

Kumbukeni hilo, nyinyi mnaojifunza kazi yoyote. Nje ya nguo kila mtu anaweza kupiga pasi. Mimi pia, baada ya miaka mingi, nilipowatafuta wasichana wa kunisaidia, niligeuza nguo ndani nje kwanza, na sikujutia hata mmoja.

Juma langu la kwanza Nanyuki nilipewa usukani wa nyuma wa ndege, kile kipande kinachosimama kwenye mkia. Ni kidogo, wanampa mwanafunzi. Nilipima, nikakata, nikashona kwa uangalifu wote, nikamwita Mzee Githinji. Akakizunguka. Akashika ukingo wa chini, akakuta kitambaa kimekunjwa mara mbili ndani, upana wa kiganja.

"Nyawira, hii ni nini?"

"Ni ya kukua, Mzee."

"Nani anakua?"

Nilikuwa nimeacha pindo, kama kwenye sketi. Mkono wangu ulikuwa umelikunja wenyewe bila kuniuliza.

"Hii ndege," akasema Mzee Githinji taratibu, "ilizaliwa na ikamaliza." Kisha akaenda nyuma ya karakana, na tukamsikia akicheka peke yake mpaka akakohoa. Makanika wengine hawakwenda nyuma, walicheka pale pale. Kwa muda mrefu waliniuliza kama ndege yangu imefaulu kuingia fomu ya kwanza.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kwamba sindano ya bawa ni ndefu kama mkono wa mtoto, kwa sababu lazima itoboe kutoka juu hadi chini, na kwamba mtu wa pili hukaa upande wa chini kuirudisha, kwa hiyo usifanye kazi hiyo na mtu mliyegombana naye. Nilijifunza fundo linalofungwa kwenye kila ubavu, ambalo hata uzi mmoja ukikatika mengine hayafunguki. Nilijifunza kutopaka dawa siku ya unyevu, kwa sababu hugeuka nyeupe kama ukoko wa ugali, na kutomruhusu mvuta sigara kupita hata mlangoni.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna kitambaa cha kisasa, nailoni nailoni hivi, ambacho hubandikwa kwa gundi halafu kinapigwa pasi mpaka kinajivuta chenyewe. Kilipofika mara ya kwanza nilikidharau. Mimi nimekuwa mshonaji wa ndege, leo niwe dobi? Kisha nikapiga pasi bawa moja, likakaza mbele ya macho yangu bila ile harufu ya ndizi, nikatubu. Mpaka nastaafu nilikuwa ndiye mwenye pasi pale karakana, na mtu akiigusa bila ruhusa tulikosana.

Turudi kwenye siku zile. Hatimaye nilimaliza bawa zima, la kwanza langu, la ndege ya zamani yenye viti viwili vilivyo wazi juu. Nililigonga kwa kidole, likalia vizuri. Mzee Githinji akaligonga pia, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Sawa. Sasa jitayarishe. Hapa kwetu aliyeshona bawa hupanda kwanza."

Nikahisi baridi toka shingoni mpaka miguuni. Sehemu ya baridi hiyo ilikuwa hofu, siwafichi. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba maneno hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia kwenye baraza la Majengo tangu utotoni, kwa sauti ya Guka akimwiga Kihuruta.

"Mzee, nani alianza hiyo sheria?"

"Mimi nilipata iko. Na aliyenifunza mimi, yeye pia alipata iko. Ni ya hawa watu wa zamani wa ndege. Hakuna mtu hushona uvivu kama anajua ataikalia angani."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa tutafumua hiyo bawa yote, tumpe mwingine. Wewe utarudi kwa sketi. Sitakukasirikia, wengi wamerudi."

Niliwaza sana jioni ile. Kwamba sheria ile ipo kweli hakukumsaidia Guka. Salim angesema tu kwamba Guka aliisikia kwa dereva fulani na kuitungia hadithi. Lakini kwa mara ya kwanza nilianza kuona kwamba huenda yule mzee wangu kweli alipanda, na kwamba kama nikikataa, mjukuu wake mwenyewe atakuwa ameshindwa na kile alichokifanya yeye juu ya bawa la uji. Nikaamua kupanda. Kisha, ili nijipe moyo, nikaenda kulikagua bawa langu mara ya mwisho, na hapo nikaharibu.

Chini ya bawa, kwenye ukingo wa nyuma, niliona vitundu. Vidogo, vya mviringo, kimoja baada ya kingine. Nikakasirika. Nilidhani ni panya. Fundi wa Majengo hawezi kumpa mteja nguo yenye matundu, ni afadhali afunge duka. Nikachukua sindano, nikavitia viraka kimoja kimoja, vizuri mno, nikapaka dawa juu, na mtu asingejua kulikuwa na kitu. Nikaenda kulala nimeridhika. Ndege ilikuwa imeshatolewa nje tayari kwa safari, na usiku huo ikanyesha mvua ile ya mlima isiyojua kuacha.

Asubuhi Mzee Githinji alilishika bawa kwa ncha na kulitikisa kidogo. Likasema, "chubwi."

Akatikisa tena. Chubwi.

"Nyawira," akaita, "njoo unionyeshe hizi samaki zako unafuga."

Vitundu vile alivitoboa yeye mwenyewe. Ni vya kutolea maji. Maji huingia ndani ya bawa kila wakati, kwa mvua na kwa umande, na yasipopata pa kutokea hulala humo na kulifanya zito upande mmoja. Ndege ikiruka hivyo inaweza kuinama na isiinuke. Mzee Githinji alinieleza hayo kwa sauti ya chini. Makanika waliokuwa wameanza kucheka waliacha. Rubani wetu, Kapteni Barasa, ambaye ndiye angekaa nyuma yangu, alilitazama bawa, akanitazama mimi, akaenda kujimiminia chai. Nilitamani anitukane.

Nilivifungua vile vitundu vyote kwa mkono wangu, maji yakatoka, tukaliacha bawa likauke mchana kutwa kwenye jua. Nilijua wataniambia nirudi Nyeri. Jioni Kapteni Barasa alikuja akasimama karibu nami.

"Kuna kitu ingine umeziba?"

"Hapana, Kapteni."

"Una uhakika?"

"Nimekagua yote. Na nitakuwa ndani."

Akacheka kidogo. "Basi ni kesho. Ukiwa ndani, mimi niko na amani."

Ndivyo tulivyopanda asubuhi iliyofuata na si ile iliyopangwa, na hilo mlishike, kwa sababu ile iliyopangwa anga lilikuwa tupu, bila ukungu wala wingu. Asubuhi hii, baada ya mvua zile, ukungu ulikuwa umejaa mabonde yote. Tulingoja mpaka jua likauvuka mlima na uwanja ukaonekana. Mzee Githinji alinifunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili. Nilikuwa nimevaa koti lake, soksi mbili mbili na kitambaa kichwani. Kapteni Barasa akawasha injini, na kila kitu kikaanza kutetemeka pamoja na meno yangu.

Sitawadanganya kwamba nilifurahia kuondoka. Nilifumba macho na kusali. Nilipochoka kusali nikaanza kuhesabu mafundo ya bawa langu, nikakumbuka kwamba ukifumba macho huwezi kuhesabu, nikafumbua. Bawa lilikuwa pale pale. Mshono umetulia, kitambaa kimekaza, hakuna hata uzi uliocheza. Nikalitazama bawa hilo tu, kwa sababu ndilo kitu pekee angani nilichokifahamu. Tukaingia kwenye weupe, tukawa hatuoni chochote, kisha ghafula tukatokea juu yake.

Jua lilikuwa upande mmoja. Upande wa pili, chini yetu, mawingu yalitandaa mpaka kule milima ya Nyandarua. Na juu ya mawingu hayo nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia mtu akikitaja, hata Guka. Nilipiga kelele. Kapteni Barasa alidhani naumwa, akanipigapiga begani. Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani yake. Kikakaa nasi kwa muda, kikikimbia tunapokimbia, kikigeuka tunapogeuka, kisha mawingu yakapasuka kikapotea.

Tulitua salama. Mzee Githinji akanishusha kama gunia, na bawa langu likakubaliwa. Nilipokea pongezi, nikala chapati za watu watatu. Lakini nilitaka kitu kimoja tu, kwenda nyumbani kumsimulia Guka.

Nilifika Majengo Jumamosi saa za alasiri. Guka alikuwa kwenye cherehani yake akishonea mtoto wa jirani mfuko uliopasuka. Salim alikuwa ametoka msikitini sasa hivi, amekaa mahali pake na chai yake, kofia imeegemea sikio moja. Niliwaamkia wote wawili, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Guka, nimepanda."

Cherehani ikasimama.

"Umepanda nini?" akauliza Salim, ingawa alijua.

"Ndege. Ile niliyoshona. Ni sheria yao, aliyeshona hupanda kwanza."

"Haya!" Salim akapiga goti lake. "Sasa ugonjwa umeingia mpaka kwa wajukuu. Hebu inua mguu tuone kama umevimba."

Guka hakumjali. Alikuwa akinitazama mimi tu, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kitambaa. Nikamwambia habari ya mtetemeko, ya baridi, ya ule weupe ulioficha kila kitu. Nikamwambia tulivyotokea juu.

"Kisha nikaangalia chini, ile upande jua haiko. Nikaona kivuli ya ndege yetu juu ya mawingu. Kidogo, ikikimbia na sisi. Na hiyo kivuli, Guka, ilikuwa…"

"Imezungukwa na upinde wa mvua," Guka akasema.

Yeye akaendelea, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango.

"Lakini si upinde. Ni mviringo mzima, haijakatika mahali. Nyekundu iko nje. Kivuli iko hapo katikati. Na ukisonga, inasonga na wewe. Nilifikiria ni malaika wametuzunguka. Nikavua kofia."

"Ni hiyo," nikasema. "Ni hiyo kabisa, Guka."

Mtoto mwenye mfuko uliopasuka alitutazama mmoja mmoja. Salim alikuwa ameshusha kikombe chini bila kunywa.

"Hilo," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo, "hilo hujawahi kutuambia. Miaka yote hii. Mimi hadithi yako naijua kuliko mkeo, na hilo halimo."

"Ningeanza aje?" akajibu Guka. "Ndege yenyewe mlikataa. Mngekubali upinde wa mvua?"

Salim akainuka, akalivuka lile baraza, akampa mkono. Mkono wote, wa kulia, na wa kushoto ukashika kiwiko, kama anavyosalimiwa mtu mkubwa. Hakusema pole wala samahani, hayo hayakuwa maneno ya Salim. Alisema, "Uliruka." Akageuka kuelekea barabarani na kuwaita waliokuwa wakipita, kwa ile sauti yake ya kuuzia nyama, waje wasikie kwamba fundi huyu aliruka kweli, na kwamba yeye Salim ndiye shahidi.

Nilidhani Guka atafurahia hayo. Nilidhani atasimama, anyooshe mgongo, awasimulie upya hadithi yote tangu mbuzi na uji. Alikuwa amelingoja jambo hilo tangu ujana wake. Lakini hata hakugeuza kichwa kuwatazama waliokuja. Alivuta kigoda chake karibu na mkeka wangu, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Niambie, Nyawira. Wewe uliogopa?"

"Sana, Guka. Nilifunga macho."

"Hata mimi!" akasema. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika mkono akaukaza. "Hata mimi nilifunga! Na ile wakati inainama upande, ulishika wapi?"

Miaka yote ile hakuwa amepata mtu wa kumuuliza. Tuliendelea hivyo, yeye na mimi, mpaka taa za maduka zikawashwa, huku Salim na watu wake wamesimama pembeni wakitusikiliza kama wageni.